Mguu Uliotangulia

"Taratibu, kijana. Anasikia."

Maalim aliyasema hayo bila kuinua macho. Nilikuwa nimeshika kopo, na maji niliyoyamimina yalimshukia Baba kifuani kwa kishindo, yakaruka hadi kwenye kanzu yangu. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nilitaka kazi iishe nitoke nje nikapumue.

Nikapunguza. Maji yakaanza kuteremka kama uzi, yakapita ubavuni, yakaingia kwenye ufuo, lile shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti. Tulianza upande wa kulia, kama ilivyo. Maalim, mkono wake ukiwa umeviringishwa kitambaa, alitoka begani, akashuka mbavuni, akafika kiunoni, akateremka pajani, halafu akasimama. Chini ya hapo hapakuwa na kitu. Mguu wa kulia wa Baba tulikuwa tumeshauzika miezi minane kabla, umefungwa kitambaa cheupe, kwenye makaburi yaleyale ambayo yeye mwenyewe angepelekwa adhuhuri ile.

Akauweka mkono juu ya kigutu, akauacha pale kwa muda. Kisha akaomba maji zaidi.

Wiki sita zimepita. Hitma imesomwa, jamaa wamerudi Dar na Mombasa, maturubai yamerudishwa kwa wenyewe. Mimi nimebaki na neno moja.

Anasikia.

Kidole gumba

Wenye mgonjwa wa kisukari nyumbani wanajua kidonda kinavyoanza na safari inavyoishia, kwa hiyo sitairudia. Nitaanzia usiku wa nne baada ya kumrudisha Baba kutoka hospitali.

Aliniita saa nane za usiku.

"Nikune."

"Wapi, Baba?"

"Kidole gumba. Cha kulia."

Nilidhani anaota, au ana homa. Nikamgusa paji la uso, halikuwa na joto. Akarudia, safari hii kwa kukereka, kama mtu aliyewekwa foleni bila sababu. Sikujua la kufanya, nikakuna shuka, pale ambapo mguu ungefika kama ungekuwepo.

"Juu kidogo," akasema.

Nikapandisha mkono.

"Hapo hapo."

Akashusha pumzi, akalala. Mpaka leo sijui kama nilimpunguzia kitu, au alinionea huruma nimepiga magoti kitandani kwake nikikuna godoro.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya usiku. Mara vidole vinamwasha, mara vimejikunja, anasema kucha zinamchoma nyayo na hawezi kuvikunjua. Mara kidonda chenyewe kinarudi, kilekile kilichofanya mguu ukatwe, palepale chini ya kidole cha mwisho. Mguu uko chini ya udongo, na kidonda chake kinamliza mtu mzima chumbani kwetu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja kumfundisha magongo hakushangaa. Alisema wengi waliokatwa kiungo huendelea kukisikia, na wengi wao kinawauma. Nikaanza kusoma. Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 16, alikwisha kuandika habari za majeruhi wanaolalamikia miguu iliyokwisha kukatwa. Mwaka 1871 Silas Weir Mitchell, daktari aliyewatibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akaipa hali hiyo jina ambalo madaktari wanalitumia hadi leo, na jina alilolichagua ni la kizuka, yaani mzuka. Kizuka, neno ambalo sisi huku pwani tunamwita nalo pia mjane aliye edani, anayekaa ndani baada ya kufiwa na mume. Mama yangu yumo edani ninapoandika haya.

Mtaalamu akatuonyesha njia ya kioo, ile aliyoibuni Vilayanur Ramachandran huko California miaka ya 1990. Tukakishusha kioo cha kabati la Mama, tukakisimamisha katikati ya mapaja ya Baba, upande unaong'aa ukitazama mguu wa kushoto. Ukichungulia, unaona miguu miwili. Akaambiwa atingishe vidole vya kushoto. Kwenye kioo, vidole vya kulia vikatingishika, visafi, havina kidonda.

Baba aliutazama kwa muda mrefu.

"Kumbe umepona," akauambia.

Usiku ule alilala hadi adhana ya alfajiri. Kwa siku kadhaa kioo kilisaidia. Baadaye kikawa kinasaidia siku nyingine na siku nyingine hapana, mpaka Mama akakirudisha kabatini.

Nililolisema

Sehemu hii nimeifuta mara mbili.

Ilikuwa masika, mvua haijakatika tangu magharibi, nami nimetoka kazini nimechoka mpaka macho yanauma. Baba aliniita mara ya kwanza, nikaenda. Mara ya pili, nikaenda. Mara ya tatu nilisimama mlangoni, sikuingia.

"Baba, mguu haupo. Tumeuzika. Nikune nini?"

Alinitazama. Taa ya chumbani ilikuwa hafifu lakini niliuona uso wake vizuri.

"Najua, mwanangu," akasema. "Najua haupo. Lakini nausikia."

Hakuniita tena. Tangu usiku ule alikuwa akimwita Mama.

Kwa hiyo Maalim aliposema anasikia, hakujua ameligusa neno gani. Kilichoninyima usingizi wiki zote hizi ni yule mtu niliyemjibu vile mlangoni: kama yupo mahali, na kama bado kinamuuma.

Anayeuma na anayeumwa

Sikiliza tunavyosema. Mguu unaniuma. Jino linaniuma. Ni kitenzi kilekile cha mbwa na nyoka. Kiungo ndicho kinachouma, mimi ndiye ninayeumwa. Lugha yetu haikukubali kwamba mguu ndio wenye maumivu. Imeuweka mguu upande wa meno, ikamweka mtu upande wa jeraha.

Nikaliona jambo hilo chumbani kwa Baba kwa macho yangu. Anayeuma ameondolewa, amevishwa kitambaa, amezikwa. Anayeumwa amebaki, analia.

Mwanzoni hilo lilinifurahisha kwa namna ya ajabu, maana nilidhani nimeishika roho mkononi. Kama maumivu yanaweza kuishi bila mguu, basi hayakuwa ya mguu tangu mwanzo. Yalikuwa ya yule anayeumwa, na huyo hakatwi kwa msumeno.

Furaha ilidumu mpaka siku ya mazishi. Kwa sababu ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho inakufikisha makaburini: ikiwa mguu mmoja ukizikwa mwenyewe anaendelea kuusikia, mwili mzima ukizikwa itakuwaje? Nililala nikimfikiria Baba akiwa kizuka chote, akiwashwa kila mahali, bila kidole, bila kucha, bila mtu wa kumwita saa nane za usiku.

Halafu kuna msemo mwingine, na huo ukanivurugia kabisa. Tunasema pia roho inaniuma. Hapo roho imehamia upande wa meno! Roho ndiyo inayouma. Sasa anayeumwa ni nani?

Nahodha na jahazi

Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 17 aliyetenganisha roho na mwili kuliko karibu wote waliomtangulia, alikuwa na kisa chake mwenyewe cha kiungo kilichokatwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1644 anamtaja binti aliyekuwa na maradhi ya mkono. Kila mpasuaji alipokuja, binti alifungwa kitambaa machoni asione. Ugonjwa ukapanda, wakaukata mkono hadi kwenye kiwiko, wakaweka matambaa mahali pake ili asijue. Hata hivyo binti akawa analalamikia maumivu ya kidole hiki, mara kidole kile, vidole vya mkono ambao haupo. Descartes akahitimisha kwamba maumivu ya mkono hayasikiwi mkononi. Yanasikiwa kwenye ubongo.

Ndiyo jibu alilonipa na yule mtaalamu wetu. Ubongo una ramani ya mwili, mguu ukiondoka ramani inabaki, na mishipa ya fahamu iliyokatwa pale kwenye kigutu inaendelea kupeleka habari zisizo na mwenyewe. Maumivu ya Baba hayakuwa bila mwili hata dakika moja. Yalihama nyumba tu, ndani ya mwili uleule.

Nilipoelewa hivyo, hoja yangu ya roho ikaporomoka. Na nilishukuru.

Lakini Descartes ana mfano mwingine, wa mwaka 1641, na mtu wa Tanga hawezi kuupita. Anasema mimi simo mwilini kama baharia alivyo chomboni. Jahazi likivunjika ubao, nahodha anaona. Anajua ubao gani, anajua maji yanaingia kwa kasi gani, anajua hatari. Haumwi. Sisi mwili ukijeruhiwa hatupewi taarifa tu, tunaumwa, na hiyo ndiyo dalili kwamba roho na mwili vimechanganyika mpaka vikawa kama kitu kimoja.

Nimekaa sana na mfano huu. Kama ni kweli, maumivu ni mali ya ule mchanganyiko. Nahodha aliyeshuka pwani, jahazi lake limezama, anajua yote lakini haumwi ubao.

Na upo ushahidi kutoka upande wa pili. Mwaka 2006 watafiti waliandika kuhusu familia tatu za kaskazini mwa Pakistan ambazo baadhi ya watoto wao hawakuwahi kusikia maumivu ya mwili tangu kuzaliwa, kwa sababu ya hitilafu kwenye jeni moja inayoitwa SCN9A. Mmoja wao, mvulana, alikuwa akijidunga visu mikononi na kutembea juu ya makaa ya moto mbele ya watu. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, aliporuka kutoka juu ya paa. Roho alikuwa nayo kama wewe na mimi. Lakini mlango mmoja mwilini ulikuwa umefungwa, na roho haikuweza kuumwa kwa niaba yake. Ningetamani kujua kama alilia mama yake alipomkaripia. Nadhani alilia. Watu wa hali hii huzuni wanaijua kama sisi.

Ngozi mpya

Ipo aya katika Surat An-Nisaa, ya 56, niliyoisoma tangu utotoni bila kuiuliza kitu. Watu wa motoni kila ngozi zao zikiiva watabadilishiwa ngozi nyingine, ili waionje adhabu. Nimeirudia mwezi huu zaidi ya nilivyowahi kuirudia. Ngozi inabadilishwa ili maumivu yaendelee. Kana kwamba hata huko, roho peke yake haitoshi.

Jirani yetu, fundi cherehani, Mlutheri, aliyekaa matangani nasi siku zote tatu, nilipomweleza akanikumbusha tajiri na Lazaro katika Injili ya Luka. Tajiri amekufa na kuzikwa, naye anaomba Lazaro achovye ncha ya kidole majini aupoze ulimi wake. Ulimi gani, akaniuliza fundi, na ulimi uko kaburini? Baadaye nikakuta kwamba Tertullian wa Karthago, mwandishi wa Kikristo, aliitumia habari hiyohiyo, zaidi ya miaka 1800 iliyopita, kutetea kwamba roho nayo ni mwili wa namna fulani. Fundi alifurahi sana kusikia swali lake ni la zamani hivyo.

Wanazuoni wetu hawakuafikiana. Ibn Hazm wa Andalusia aliona adhabu ya kaburi ni ya roho tu. Ibn Taymiyya akasema ni ya roho na mwili pamoja, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim akaandika kitabu kizima kuhusu roho. Al-Ghazali aliwakufurisha wanafalsafa kwa mambo matatu, mojawapo kukanusha kwao ufufuo wa miili.

Aliyenitisha ni Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa. Yeye anasema roho iliyouzoea mwili ikiuacha haiachi kuutamani. Inataka yale iliyoyazoea na haina tena chombo cha kuyapatia. Hayo ndiyo maumivu yake. Niliposoma hapo nilifunga simu nikatoka uani. Kwa sababu hali hiyo nimeiona. Kuwashwa bila kidole. Kutaka kukuna mahali ambapo hapapo. Sikusoma falsafa pale, nilimwona Baba.

Barazani kwa Maalim

Ijumaa moja baada ya Alasiri nilimfuata.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Tukamaliza habari za nyumbani. Nikamwambia neno alilolisema siku ile halijanitoka, nikamuuliza alikusudia nini.

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka," akasema. "Nilipokuambia anasikia, ikatulia."

"Kwa hiyo hasikii?"

"Sikusema hivyo."

Akaagiza kahawa. Kisha akanisimulia kisima cha Badr, pale Waislamu walipopigana na Makureshi, ambacho nilikijua, lakini si kwa namna aliyonisimulia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisimama juu ya kisima walimotupwa wafu wa Kikureshi, akawaita kwa majina. Sahaba wake Umar akauliza vipi anasema na miili isiyo na roho. Akajibiwa kwamba nyinyi hamyasikii ninayoyasema kuliko wao.

"Hiyo ni riwaya moja," akasema Maalim. "Sasa Bibi Aisha, mkewe Mtume, alipofikishiwa habari hiyo alisema hapana, Mtume hakusema wanasikia. Alisema sasa wanajua. Akasoma aya kwamba huwezi kuwasikilizisha wafu."

"Wanajua," nikarudia.

"Wanajua kwamba aliyokuwa akiwaambia ni kweli. Na Bibi Aisha huyohuyo ndiye aliyepokea hadithi kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Hakuona mgongano."

Kahawa ilipoa mkononi mwangu. Nilikuwa namsikia Baba. *Najua haupo. Lakini nausikia.* Mambo mawili, ameyatenga mwenyewe usiku ule, na mimi nimesimama mlangoni sikumwelewa. Kama Bibi Aisha yuko sahihi, basi Baba amebakiwa na nusu ya kwanza. Anajua haupo. Hausikii tena.

Ndipo nilipo kwa sasa. Ninaamini mguu haumuumi, wala kidonda, wala sindano za asubuhi, mpaka siku atakaporudishiwa mwili ambao haukukatwa. Sijafika hapo kwa hoja isiyo na tundu. Surat Al-Humaza inataja moto unaopanda nyoyoni, na ninajua kwamba kujua peke yake kunaweza kuunguza. Ibn Sina bado ananijia usiku.

Lakini kujua hakuchagui. Kama analijua neno nililolisema mlangoni, basi anajua na usiku zilizofuata, nilivyokuwa nakaa ukumbini gizani nikimsikiliza Mama akikuna shuka, nimeshika kitasa, siingii kwa aibu. Akiwa hai hilo hakulijua.

Nilipokuwa naaga nikamuuliza jambo la mwisho. Kitabu cha Imamu Nawawi tulichokisoma darsani kwake kinasema maiti aoshwe kwa maji baridi, maana yanaukaza mwili, na ya moto ni kwa haja tu. Mbona sisi Baba tulimwosha kwa vuguvugu?

"Mama yako aliyachemsha," akasema. "Hakuna aliyemwagiza. Kila asubuhi alikuwa akimchemshia. Nani angemwambia ayamwage?"

Sufuria

Juzi, Jumanne, amefariki mzee wa nyumba ya nyuma yetu. Nikaitwa kuosha, maana sasa nimehesabiwa miongoni mwa wanaojua. Kitanda kilikuwa tayari, majani ya mkunazi yamepondwa, kafuri imewekwa pembeni. Ndoo mbili za maji ya bomba, baridi ya alfajiri.

Kabla hatujaanza, mlango wa uani ukagongwa. Ni mpwa wangu, wa miaka tisa, ameshika sufuria kwa vitambaa viwili, mvuke unampanda usoni.

"Bibi amesema hawezi kutoka," akasema, "lakini haya mchanganye."

Nikaipokea. Nikamimina kwenye ndoo ya kwanza, nikakoroga, nikatia kiwiko, nikaongeza kidogo. Maalim akaviringisha kitambaa mkononi, akasoma bismillahi. Nikajaza kopo, nikaanza upande wa kulia, polepole, na yeye hakuniambia neno.